Namna ya kukabidhiana zamu bila taarifa kupotea njiani: mwongozo kamili kwa wasimamizi

Wasimamizi wengi wanaoniandikia wana shida ile ile. Wamenunua daftari la zamu, wamefungua grupu la WhatsApp, wamepeleka watu kwenye mafunzo ya mawasiliano, na bado zamu ya usiku inaingia kazini haijui zamu ya mchana imeacha nini. Mashine iliyozimwa ili fundi aishughulikie inawashwa. Oda iliyobadilishwa saa kumi jioni inatengenezwa kama ilivyokuwa asubuhi. Kesho yake huyu anaapa kwamba alisema, yule anaapa kwamba hakuambiwa.

Mara nyingi wote wawili wanasema kweli. Mmoja alitamka maneno, mwenzake akayasikia, na hakuna aliyehakikisha kwamba maana imefika. Kuhakikisha huko ni kazi ya kiongozi wa timu, na inafanyika ndani ya dakika 15 ambazo sehemu nyingi za kazi zinaziacha zipite hivi hivi.

Mifano naitoa kwenye kiwanda cha mikate, maana ndiko nilikosimamia zamu. Hatua ni zile zile hotelini, wodini, ghalani, kwenye kituo cha mafuta au getini kwa walinzi.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Kaunta buku moja kwa kila eneo la kazi, kurasa zikiwa na namba. Karatasi huru hupotea, na ukurasa uliochanwa kwenye kaunta buku unajulikana kwa namba iliyorukwa.
- Kalamu ya wino iliyofungwa kwa kamba kwenye daftari. Penseli usiiruhusu, kwa sababu inafutika.
- Saa moja ya ukutani inayoonekana na zamu zote. Simu za watu zinapishana.
- Kufuli na kadi nyekundu za "USIWASHE", zenye nafasi ya jina, tarehe na saa.
- Dakika 15 ambazo zamu zote mbili ziko kazini, na mwajiri anazilipa.

Hicho cha mwisho ndicho kigumu kukipata, kwa hiyo tunaanza nacho.

## Hatua ya 1: Pata dakika 15 za kupishana

Kama zamu ya mchana inatoka saa 12 jioni kamili na ya usiku inaingia saa 12 jioni kamili, hapo hamna makabidhiano. Kuna watu wanaopishana mlangoni. Anayetoka anafikiria daladala, anayeingia anatafuta koti lake.

Panga zamu inayoingia ifike dakika 15 mapema, na dakika hizo ziingie kwenye malipo. Usiwaombe watu "wajitolee kidogo." Watajitolea wiki moja, ya pili wataanza kuchelewa, na utakuwa umepoteza haki ya kuwauliza.

Meneja atakuambia masaa hayaruhusu. Nenda kwake na hesabu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 imeweka saa za kawaida zisizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki, na anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo anastahili mapumziko ya dakika 60. Chukua zamu ya saa 8 yenye mapumziko ya saa 1: zinabaki saa 7 za kazi. Ongeza robo saa, zidisha kwa siku 6, unapata saa 43 na nusu. Bado uko ndani ya sheria. Kama zamu zenu ni ndefu kuliko hapo, piga hesabu yenu kabla hujafungua mdomo, maana dakika zinazovuka kiwango hicho ni za muda wa ziada na zina malipo yake.

Nenda pia na mfano mmoja wa hasara iliyotokea hapo hapo kwenu: mzigo ulioharibika, oda iliyorudishwa. Mwenye mali anauelewa mzigo uliorudishwa upesi kuliko neno "mawasiliano."

Utajua hatua imekamilika ukiona kwenye ratiba iliyobandikwa ukutani saa ya kuingia ya zamu mpya inatangulia saa ya kutoka ya zamu ya zamani.

## Hatua ya 2: Andikeni kabla ya kuongea

Nusu saa kabla ya kutoka, anayekabidhi akae na daftari. Akisubiri mpaka mwisho, begi likiwa mgongoni, atakumbuka mambo mawili ya mwisho tu, na lililotokea saa nne asubuhi litakuwa limeshamtoka kichwani.

Aandike vitu vinne, kila siku kwa mpangilio huo huo:

1. Kilichobadilika tangu zamu iliyopita.
2. Viporo: kazi iliyoanzwa haijaisha, na imefikia wapi.
3. Cha hatari: kilichofungwa, kilichovuja, kilichozimwa kwa makusudi.
4. Nani anajua: jina la mtu wa kumpigia kwa kila jambo.

Sasa nieleze kilichonifundisha hatua hii. Kiwanda fulani nilichosimamia zamu kilikuwa na oveni mbili. Kipimajoto cha oveni ya pili kiliharibika, kikawa kinasoma nyuzi 20 pungufu ya joto lenyewe. Mtu wa mchana alishaigundua dawa yake: akitaka nyuzi 220, anaweka 200. Alioka siku nzima bila tatizo. Wakati wa kutoka akamwambia kijana wa usiku, "Oveni ya pili muiangalie." Kijana akajibu, "Sawa, mzee."

Na kijana aliiangalia kweli. Alisimama mbele yake, akaona 220 kwenye kioo kama ilivyozoeleka, akaridhika. Ndani ya oveni zilikuwa nyuzi 240. Toroli nzima ya mikate ilitoka nje nyeusi, na nilipoukata mmoja katikati, kisu kilitoka na unga mbichi.

Neno "angalia" kwetu lina maana ya kutazama na maana ya kuwa na tahadhari. Mzee alikusudia moja, kijana akapokea nyingine. Hakuna mzembe hapo. Ila daftari la siku ile lilikuwa na mstari huu:

> Oveni 2 inasumbua kidogo, fundi ameshaambiwa. Muiangalie.

Mstari ambao ungeokoa toroli ile ni huu:

> Oveni 2: kipimajoto kinasoma nyuzi 20 pungufu. Ukitaka 220, weka 200. Nimeoka hivyo tangu saa 2:30 asubuhi (08:30), mikate imetoka vizuri. Fundi wa umeme nimempigia mimi, Selemani. Anakuja kesho saa 3:00 asubuhi (09:00). Msibadilishe chochote kabla hajafika.

Linganisha mistari hiyo miwili pamoja na timu yako. Wape dakika tano wataje wenyewe kilichokosekana kwenye wa kwanza. Watakitaja chote.

### Maneno ya kuyapiga marufuku daftarini

"Inasumbua," "iko sawa," "kidogo." Andika namba, au andika kinachoonekana: inavuja tone moja kila sekunde, inatoa mlio ikifika mwendo wa pili.

Vitenzi visivyo na mwenyewe. "Fundi ameambiwa." Na nani? "Vali ilifungwa." Nani aliifunga? Kiswahili kinaturuhusu kumficha mtendaji kwa urahisi sana, na daftari la zamu ndilo mahali pabaya kuliko pote pa kufanya hivyo. Dai jina kila mara.

"Saa 2" peke yake. Hili limewagharimu watu wengi. Anayeandika kwa saa za Kiswahili ana maana ya asubuhi au usiku, na anayenakili kutoka kwenye kioo cha mashine ana maana ya saa nane usiku. Andikeni saa zote mbili, kama nilivyofanya hapo juu, mpaka izoeleke.

"Leo," "jana," "jana usiku." Zamu ya usiku inavuka siku mbili. Tarehe kamili inamaliza ubishi.

## Hatua ya 3: Ongeeni mkiwa mbele ya kitu chenyewe

Msikabidhiane ofisini. Anayetoka na anayeingia watembee pamoja, daftari mkononi, kufuata njia ya kazi. Kwetu ilikuwa stoo ya unga, mashine ya kukanda, chumba cha kuumulia, oveni, meza ya kukatia, mwisho upakiaji. Hospitalini ni kitanda kwa kitanda. Ghalani ni rafu kwa rafu.

Sababu ni kwamba macho yanakumbusha. Mtu aliyesahau kuandika kwamba mkanda wa mashine umechanika ataukumbuka akisimama mbele yake. Na anayepokea anauliza maswali ya maana akiona kitu, ambayo asingeyafikiria akiwa kwenye kiti.

Njia hiyo ichukue dakika 8 hadi 10. Ikizidi, kuna mtu anasimulia siku yake badala ya kukabidhi kazi. Mrudishe daftarini kwa upole: "Hilo tutaliongea. Hapa kuna kiporo gani?"

## Hatua ya 4: Anayepokea arudie kwa mdomo wake

Kama utachukua hatua moja tu kwenye mwongozo huu, chukua hii.

Mwongoza ndege akimpa rubani ruhusa ya kupaa au kutua, rubani anairudia ruhusa ile, namba kwa namba, na mwongozaji anasikiliza ili asahihishe. "Sawa" haitoshi, hata kwa rubani mwenye miaka thelathini angani. Taarifa haihesabiki imefika mpaka aliyepokea aiseme.

Makazini kwetu tunauliza, "Mmeelewa?" Jibu lake ni "Ndiyo." Tunauliza, "Kuna swali?" Jibu lake ni kimya. Majibu hayo hayakuambii lolote, kwa sababu yanatolewa kwa heshima. Kijana aliyelelewa kumwamkia mkubwa shikamoo hawezi kumwambia mbele za watu, "Mzee, hujaeleweka." Kwake hiyo ni kumvunjia mtu heshima. Kwa hiyo usimlaumu kwa kunyamaza. Badilisha swali, ili kurudia kusionekane kama mtihani wala kama ubishi.

Mkubwa anapokabidhi kwa mdogo, mzigo aubebe mkubwa: "Nimesema mengi, huenda nimeruka kitu. Hebu niambie, ukianza sasa hivi, oveni ya pili unaiwekaje?"

Mdogo anapokabidhi kwa mkubwa, aombe msaada: "Mzee, nisaidie. Naomba unirudishie suala la oveni ya pili ulivyolipokea, nisije nikawa nimelieleza vibaya." Nimewaona vijana wa miaka 24 wakisema hivi kwa watu wa umri wa baba zao, na wazee wakajibu bila kinyongo, kwa sababu wameombwa, hawakupimwa.

Mdogo anapopokea, aanze mwenyewe bila kusubiri kuulizwa: "Naomba nirudie, nihakikishe nimekupata vizuri."

Wewe kiongozi uanze kufanya hivyo mbele ya wote. Meneja akikupa maagizo, mrudishie kwa sauti watu wako wakisikia. Usipofanya, watajua kwamba kurudia ni kwa wadogo tu, na ndani ya mwezi mmoja hakuna atakayerudia.

Onyo: Msirudie kila neno. Mtachoka na mtaacha. Rudieni mambo matatu tu: namba, kitu kilichozimwa au kufungwa, na tendo la kwanza la zamu mpya.

Utajua imekaa sawa siku utakapomsikia anayekabidhi akisema, "Hapana, hapo sijakueleza vizuri." Kosa limenaswa likiwa bado maneno.

## Hatua ya 5: Kilichozimwa kikabidhiwe peke yake

Usiku wa tarehe 6 Julai 1988, jukwaa la mafuta na gesi la Piper Alpha kwenye Bahari ya Kaskazini, upande wa Scotland, lililipuka na kuua watu 167. Mchana wa siku hiyo pampu moja ilikuwa kwenye matengenezo na vali yake ya usalama ilikuwa imeondolewa. Habari ya vali ile haikuwafikia wa zamu ya usiku. Pampu nyingine ilipozima usiku, waliwasha ile yenye vali pungufu. Karatasi za kazi zilikuwepo. Waliokuwa zamu walifanya uamuzi kwa walichokijua.

Kwenye kiwanda cha mikate au karakana hatufi 167. Lakini mkono ulio ndani ya mashine ya kukanda wakati mwenzako anabonyeza swichi ni mkono wa mtu, na ana watoto wanaomsubiri nyumbani. Kwa hiyo:

- Aliyezima mashine kwa matengenezo anafunga kufuli lake kwenye swichi kuu na kutundika kadi yenye jina lake.
- Wakati wa makabidhiano, wote wawili wanaigusa kadi. Naam, kwa mkono. Kusoma tu daftarini hakutoshi.
- Matengenezo yakiendelea kwenye zamu inayofuata, anayeingia anaweka kufuli lake kwanza, ndipo anayetoka aondoe lake. Mashine isibaki bila kufuli hata kwa dakika moja.
- Mtu mwingine yeyote, hata meneja, asitoe kadi ambayo hakuiweka.

Nimewahi kubishana na mwenye kiwanda juu ya kipengele hicho cha mwisho, oda ikisubiri na lori liko nje. Bishana naye. Ni afadhali lori lingoje.

## Hatua ya 6: Sahihi, na maneno manne

Wote wawili wasaini chini ya ukurasa, na saa. Kisha anayepokea aseme kwa sauti: "Zamu sasa ni yangu." Kuanzia hapo, maswali yote yanakwenda kwake, na anayetoka haamuru tena kitu.

Bila hilo mnapata ile nusu saa mbaya ambapo mabosi ni wawili, au hakuna.

## Hatua ya 7: Usikaripie mtu kwenye makabidhiano

Hapa ndipo madaftari mengi mazuri yanapokufa. Mtu ameandika kwa uaminifu: "Nimechelewa kutoa mikate, trei mbili zimeungua, kosa langu." Msimamizi anasoma, anampasha mbele ya zamu mbili. Siku inayofuata daftari linasema, "Kazi imekwenda vizuri." Litaendelea kusema hivyo mwaka mzima, na wewe utakuwa unaongoza gizani.

Mbele ya timu, kosa lililoandikwa lijibiwe kwa kitu kimoja: "Ahsante kwa kutuambia. Usiku tufanye nini ili lisirudi?" Basi.

Kama kuna la kumwambia mhusika, mwite pembeni, siku hiyo hiyo, kabla hajaondoka au mara akirudi. Anza na ulichokiona, kwa tarehe na saa, kisha nyamaza umsikilize. Usimwambie "wewe kila siku uko hivi." Mara kadhaa nimeita mtu nikiwa na hasira, nikakuta alikuwa anaendesha mashine mbili peke yake kwa sababu mwenzake alipelekwa kupakia lori bila mimi kujua.

Kinachostahili adhabu ni kuficha. Litangaze hilo mapema, na ukishalitangaza ulishike.

### Na grupu la WhatsApp?

Litumieni kwa ratiba, misiba, mtu anayeumwa, na picha ya kifaa kilichovunjika. Msikabidhiane zamu humo. Ujumbe wa sauti wa dakika tatu hausikilizwi kwenye kelele za mashine, tiki mbili za buluu hazithibitishi kwamba mtu ameelewa, na ujumbe wa oveni unazama chini ya pole na hongera. Kama jambo ni muhimu, liandikwe daftarini hata kama limeshatumwa.

## Hatua ya 8: Pima baada ya wiki mbili

Usiulize watu kama makabidhiano yanakwenda vizuri. Watasema ndiyo. Fanya hivi: nusu saa baada ya zamu mpya kuanza, mwendee mtu mmoja wa kawaida, asiwe kiongozi wa zamu, umuulize vitu vitatu. Kipi kimezimwa leo? Kiporo kikubwa ni kipi? Nani wa kumpigia kikiharibika? Akijibu vyote bila kukimbilia daftari, taarifa imeshuka mpaka chini. Akijibu kimoja, tatizo liko kati ya kiongozi wa zamu na watu wake. Hapo ongeza kikao cha dakika 3, watu wakiwa wamesimama, mara tu baada ya sahihi.

Hesabu pia simu ambazo zamu iliyotoka inapigiwa nyumbani usiku. Zikipungua, mnakwenda vizuri.

## Anayepokea asipofika

Itatokea, hasa siku za mvua. Anayekabidhi asiondoke na kuacha daftari mezani. Akupigie wewe, na mpaka mtu apatikane, zamu ni yake au ni yako, na iandikwe ni ya nani.

Kumbakiza afanye zamu mbili mfululizo si jibu. Sheria niliyoitaja hairuhusu mtu kufanya kazi zaidi ya saa 12 kwa siku hata ukijumlisha muda wa ziada, na zamu mbili za saa 8 zinavuka hapo mbali. Weka orodha ya watu wawili kwa kila eneo wanaoweza kuitwa, wanaokaa karibu, na waliokubali mapema. Mbadala akifika saa moja baadaye, makabidhiano yanaanza upya kutoka Hatua ya 3, kwa miguu, mbele ya mashine, hata kama aliyebaki amechoka na anataka kwenda nyumbani.